Mwanga wa vishada vya dhahabu hutoka wapi?

Kipande cha dhahabu hung'aa kwa kuakisi mwanga wa vitu vingine. Chenyewe hakitoi mwanga, au hutoa kidogo mno. Mwaka 1969 mwanafizikia Mooradian alimulika dhahabu na shaba kwa leza, akakuta kwamba ufanisi wa utoaji mwanga ni takriban fotoni (chembe ya mwanga) moja inayotoka kwa kila fotoni bilioni 10 zinazofyonzwa. Katika metali nzima ngazi za nishati za elektroni zimebanana kiasi kwamba hakuna mwanya kati yake, hivyo elektroni iliyopandishwa juu hushuka kwa hatua ndogondogo, ikigongana na nyingine, na karibu nishati yote huishia kuwa joto kabla haijapata nafasi ya kutoka kama mwanga.

Niondoe kwanza mkanganyiko ambao hata wanaosoma kemia huingia. Wekundu wa maji yenye chembe za dhahabu, ule aliouchunguza Michael Faraday mwaka 1857, ni jambo jingine kabisa. Huko elektroni nyingi hutikisika kwa pamoja na kufyonza baadhi ya rangi za mwanga unaopita, nasi tunaona kilichobaki. Vishada ninavyovizungumzia hapa, yaani mafungu ya atomu chache hadi makumi kadhaa, ni vidogo zaidi, havifiki nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwa upana, na ukivimulika kwa urujuanimno au buluu hutoa mwanga mpya, wenye rangi tofauti na ule vilioupokea.

Kwa muda mrefu maelezo yangu yalikuwa mafupi: ni ukubwa tu. Atomu zikipungua, ngazi za nishati huachana, mwanya hutokea, na elektroni inayoruka mwanya huo kurudi chini hutoa fotoni. Maelezo hayo nilikuwa nimeyaegemeza kwenye kazi ya Robert Dickson na wenzake wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, ambao mwaka 2004 walionyesha vishada vya dhahabu vya atomu 5, 8, 13, 23 na 31, vikianzia urujuanimno na kuishia infraredi. Kanuni yao ina uzuri wake: chukua nishati ya Fermi ya dhahabu (nishati ya elektroni zilizo juu kabisa katika metali iliyotulia), takriban elektroni-volti 5.5, uigawe kwa kipeuo cha tatu cha idadi ya atomu. Kwa atomu 8 unagawa kwa 2, unapata karibu 2.75, nayo ni buluu. Na kweli kishada hicho kilitoa buluu, kwa ufanisi wa takriban asilimia 40. Nani asingeridhika?

Kilichonivuruga ni kishada cha atomu 25. Umbo lake lilibainishwa kwa mionzi ya eksi mwaka 2008: atomu 13 katika kiini, na 12 zilizobaki zikiwa katika vibanio sita vya dhahabu na salfa vinavyokizunguka, pamoja na ligandi 18, yaani molekuli zinazoshikamana na dhahabu kwa nje na kukifunika kishada. Kishada hiki hutoa mwanga hafifu, chini ya asilimia 1. Lakini mwaka 2009 vilielezwa vishada vilivyotengenezwa ndani ya protini ya damu ya ng'ombe, navyo vikakadiriwa kuwa na atomu 25 vilevile, ilhali vilitoa wekundu wa wazi kwa ufanisi wa karibu asilimia 6. Kanuni inayojua kuhesabu atomu peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Mwaka 2010 kundi la Rongchao Jin huko Carnegie Mellon lilionyesha kwamba hata ukiacha dhahabu ileile 25 na kubadilisha ligandi tu, nguvu ya mwanga hubadilika: ligandi zinazotoa elektroni kwa urahisi kupitia salfa huongeza mwanga.

Basi je, chanzo ni ganda, yaani vibanio na ligandi za nje, badala ya kiini? Mwaka 2012 kundi la Jianping Xie wa Singapore lilitoa hoja yenye nguvu upande huo. Walichukua misombo ya dhahabu na thioleti (ligandi zinazoshika dhahabu kwa salfa) isiyotoa mwanga ikiwa imeyeyuka katika maji, wakaongeza ethanoli. Misombo ikajikusanya, ikabanana, ikaanza kutoa mwanga mkali. Walipojenga ganda la namna hiyo juu ya kiini kidogo cha dhahabu, ufanisi ulifika karibu asilimia 15. Binafsi naona jaribio hilo limesomwa vibaya na wengi. Linatuambia pia kwamba ligandi zikizuiwa kutikisika, nishati hukosa njia ya kupotea. Mwaka 2015 kishada cha atomu 22 chenye ligandi za glutathioni kilikazwa ganda lake kwa ioni kubwa za amoniamu zenye minyororo mirefu, na ufanisi ukapanda hadi zaidi ya asilimia 60. Dhahabu ilikuwa ileile na ligandi zilezile.

Kiini nacho hakikubali kusahauliwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Anhui waliingiza fedha katika kishada chenye umbo la fimbo, chenye atomu 25 kwa jumla. Atomu ya 13 ya fedha ilipokaa katikati, pale nusu mbili za fimbo zinapoungana, ufanisi uliruka kutoka takriban asilimia 0.2 hadi 40.1.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa mwanga unatoka wapi, hugawa swali mara mbili: elektroni iko katika hali gani inapoanguka, na ni nini kinachoiba nishati yake kabla haijaanguka? Kwa swali la kwanza, kipimo kizuri ni muda. Mwanga unaodumu mikrosekunde, tena unaopungua oksijeni ikiingizwa, kwa kawaida hutoka katika hali tripleti, ambamo mizunguko ya elektroni mbili huelekea upande mmoja na kushuka huchelewa; mwanga huo huitwa fosforesensi. Mwaka 2024 watafiti wa Uchina waliripoti kishada cha dhahabu 16 na shaba 6, ndugu wa kishada cha dhahabu 22 chenye ligandi zilezile na ufanisi wa asilimia 9. Shaba iliharakisha sana elektroni kuvuka kuingia hali tripleti, na papo hapo ikapunguza upotevu wa joto. Oksijeni ilipoondolewa katika myeyusho, kishada hicho kilitoa infraredi ya karibu kwa ufanisi wa zaidi ya asilimia 99, katika joto la kawaida la chumba.