Maji ya bomba na ya mvua sasa yanahesabika

Nyumbani kwetu Lanet, Nakuru, maji yana njia mbili: bomba, na tangi la mvua. Nilifunga kihisi cha mtiririko wa maji cha YF-S201 kwenye kila njia, nikaviunganisha na ESP32, kidhibiti kidogo chenye Wi-Fi. Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, ilionyesha lita kwa dakika vizuri kabisa, lakini ukurasa wa nishati ulikataa kuvitambua kama vyanzo vya maji. Siku tatu nilikagua nyaya bure.

Kumbe ukurasa ule hautaki kasi ya maji, unataka jumla ya lita zilizopita. Kwenye ESPHome, programu ya kuandaa ESP32, chini ya pulse_counter (sehemu inayohesabu mapigo ya kihisi), niliongeza total: kipimo L, device_class iwe water, state_class iwe total_increasing (jumla inayopanda tu). Vikatokea.

Hesabu ilibaki na kasoro. Kihisi hiki hutoa takriban mapigo 450 ya umeme kwa lita, hivyo nilizidisha idadi ya mapigo kwa 0.00222 ili kupata lita. Nikajaza mtungi wa lita 20. Skrini ikasema 18.6. Nikapandisha hadi 0.00239, nikajaza tena, ikasoma 20. Usiruke hatua hii! Stima ikipotea jumla huanza sifuri, lakini total_increasing huelewa kwamba ni mwanzo mpya, haipunguzi chochote.

Sasa mama huangalia lita za mvua zilizotumika kabla ya kuloweka nguo.