Nabaki na nani

Wiki hii Neema amepata barua ya kazi Mwanza na shangazi tumemzika Mpwapwa, lakini mimi kichwani nina sentensi moja tu, tangu Jumanne: "Ukiondoka, nabaki na nani?"

Ni ya yule bibi wa Chang'ombe ya hapa Dodoma, wa kiharusi, ambaye watoto wake wa Dar ndio wanaonilipa nikamkagulie huduma anayopewa nyumbani. Nilikuwa nimemuuliza swali ninalowakataza wanafunzi wangu kila muhula: "Bibi, wanakuhudumia vizuri?" Tena yule binti anayemhudumia amesimama mlangoni na beseni. Mzee gani atamsema anayemlisha, mbele ya mgeni atakayeaga baada ya saa moja? Jibu huwa "namshukuru Mungu" na fomu inajaa. Swali la kuuliza ni lile lenye kitu ndani yake. Jana usiku ulipobanwa na mkojo ulifanyaje? Chai ya asubuhi ulikunywa umelala au umekaa? Na huulizwa mhudumu akiwa ametumwa dukani. Hayo nayajua. Ni jua la saa nane tu na uvivu.

Kilichonichanganya ni kwamba sentensi ile ilisikika kama ya mtu anayeteswa, na mwili wa bibi ulikuwa unasema mengine kabisa.

Nilifika saa nane bila kupiga simu, maana saa tatu asubuhi kila nyumba inanukia sabuni. Nikaanza na ngozi, kama kawaida, kutafuta dalili za vidonda vya kulala. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi yetu wekundu ni wa kubahatisha. Mimi naweka mgongo wa kiganja. Mahali panapotaka kuoza huwa pa moto kuliko pembeni yake, au pagumu kama pametiwa wanga, au pameiva kuelekea zambarau. Nikapita kitako, nyonga zote mbili, visigino, viwiko, nyuma ya masikio. Safi. Mto ulikuwa chini ya mashavu ya miguu, visigino vinaelea hewani. Hakukuwa na ule mpira wa duara wa kukalia ambao watu bado wananunua, unaobana damu pembeni na kuleta kidonda kilichokusudiwa kuzuiwa.

Pampasi: paketi ya kumi iliyofunguliwa Jumapili asubuhi ilikuwa imekwisha, ya pili imeanzwa. Hiyo ni kama nne kwa siku, sawa. Paketi hiyo ingefika Alhamisi ningejua bibi anaachwa amelowa. Dawa ya presha: vidonge 30 tarehe 1, kimoja kila asubuhi, na tarehe 18 nikahesabu 12. Kamili. Mkono wa juu, kwa utepe wa fundi cherehani kwa kuwa kwenye mzani hasimami, sentimita 24 kama mwezi uliopita. Glavu zilikuwa mpya. (Kuna nyumba nilizikuta zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba na soksi.)

Daftari ndilo lililonitia shaka. Kugeuzwa kila saa mbili, vema zote zimelala upande uleule, wino uleule, na saa nane na nusu mchana, vema ya saa kumi ilikuwa tayari imewekwa. Daftari la kweli lina fujo: kalamu mbili, saa nane na dakika ishirini, "amekataa uji", doa la chai.

Hapo ndipo nikauliza lile swali la kijinga, na bibi akajibu kwa sauti yake ya kuburuta: "Ukiondoka, nabaki na nani?"

Mnajua fomu yangu nimeijenga juu ya maswali matano ya wakaguzi wa Uingereza, wale wa Care Quality Commission: huduma ni salama, inaleta matokeo, ina utu, inaitikia mahitaji ya mtu, inaongozwa vizuri? Nayo madaraja yao manne, kuanzia bora kabisa hadi haitoshi. Kwenye utu nikaandika haitoshi. Ngozi haina kosa, lakini mtu anaweza kugeuzwa kila saa mbili kwa matusi.

Nikaondoka nayo. "Nabaki na nani." Je, alikaza "nabaki" au "nani"? Macho yalikwenda kwa binti au kwangu? Nikichambua mlenda nairudia. Msibani, mchungaji anaomba, mimi nairudia. Sikumwambia mtu. Kuna wakati niliisikia kama ombi la mtu anayepigwa, kuna wakati kama ya mpweke anayetaka mgeni asubiri chai.

Ijumaa nikarudi, saa moja jioni, wakati wa kulisha. Ukitaka kumjua mhudumu, mkute na kijiko mkononi. Binti alimnyanyua kwa shuka la kukunjwa lililopita chini ya mgongo, yeye upande huu, mjukuu upande ule. Hakumvuta kwa ule mkono wake wa kulia, usio na nguvu. Mkono uliopooza ukivutwa, bega linaweza kuchomoka mahali pake, na maumivu yake hayaishi upesi. Akamkalisha wima kabisa. Uji wa uwele ulikuwa mzito wa kushika kijiko. Wengi huupunguza wakidhani wanamrahisishia mgonjwa, kumbe maji na chai nyepesi ndivyo vinavyokimbilia njia ya hewa kabla haijajifunga. Nusu kijiko, upande wa kushoto wa mdomo. Anasubiri ameze, anamsemesha kidogo. Sauti ikitoka na majimaji, anatulia. Mwisho akapitisha mswaki laini ndani ya shavu la kulia, akatoa tonge ambalo bibi mwenyewe hakulihisi. Akamwacha amekaa nusu saa nzima kabla ya kumlaza.

Nilihamia upande wake wa kushoto, ule mzima. "Bibi, Jumanne uliniambia nikiondoka unabaki na nani."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyepotezea kibiriti shambani. "Si wewe, mjukuu wangu." Akavuta kitenge cha binti. "Huyu. A-ki-ondoka."

Mdomo wake umelegea kulia. A inataka kinywa kifunguke. Yake inatoka imebanwa, inafika sikioni u. Irabu moja! Nilicheka mpaka binti akaniletea maji.

Kumbe Jumatatu anakwenda Kondoa wiki mbili, dada yake anaolewa. Ofisi iliyomtuma kazini imemwambia "tutatuma mtu". Mtu gani, hakuna anayejua, na hakuna aliyekuja kujifunza. Kwangu mimi, mbadala asiyekaa angalau zamu mbili na anayeondoka hajakabidhiwa kitu. Nani atamwambia kuwa bibi akigonga kitanda mara mbili anataka mkojo? Goti lipi halikunjwi? Kwamba dawa haimezi na maji bali na kijiko cha uji? Haya hayamo daftarini, maana daftari lina vema tu. Nikauliza na vema zile. "Mama, wakikuta nafasi tupu daftarini wanakata posho. Nazijaza zote asubuhi, ndiyo nafanya kazi."

Haitoshi yangu ikahama, kutoka kwenye utu hadi kwenye uongozi. Sikufuta. Nilichora mstari mmoja ili maandishi ya chini yasomeke, nikaweka tarehe na sahihi. Kwenye utu nikaandika bora kabisa, kwa mara ya pili tu mwaka huu. Ofisi nimewaandikia wanipe jina la mbadala kabla ya Jumapili mchana na wamlete wakati bibi ana njaa, alishe akiangaliwa. Watoto wa Dar nimewapigia wenyewe, nisije nikaandikwa vibaya na mimi.

Bibi aliniaga kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akiwa hoi kwa usingizi. Natumaini nililisikia sawasawa.

Sasa ni saa nne usiku na nimetoka kugonga tenki. Linalia tupu mpaka robo ya chini, maji hayajatoka tangu Jumatano, na mjomba ameandika kesho wanaingia watu sita kutoka Singida.