Blanketi la mawe

Shangazi alinitumia kiroba cha mabaki ya vitenge kutoka Bukavu kwa boti ya usiku, na ujumbe wa sauti juu yake. Mdogo wangu anaolewa mwisho wa mwezi wa nane, alisema, na yeye hataki kumwona akiingia kwa watu na blanketi la kununua soko la Birere kama watoto wote wa Goma. Nimshonee la viraka, likae miaka. Hakuuliza kama nina nafasi. Shangazi akishasema, nafasi inapatikana.

Ulikuwa mwaka 2019, kiangazi, ule wakati wa Ebola ambapo kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini na kijana wa kukupima joto kwenye paji la uso. Wateja walipungua. Cherehani yangu ilikuwa inashona sare za shule na mambo madogomadogo, kwa hiyo blanketi lilinijia kama kazi na kama burudani pia.

Tatizo lilikuwa ndani ya kiroba. Shangazi ameshona miaka mingi na mabaki yake ni ya vitenge vizuri, vya waksi, vyenye michoro mikubwa: mbayuwayu wanaoruka, feni, miavuli, macho. Kitenge cha namna hiyo kimechorwa kivaliwe kizima, ua moja linaweza kujaza mgongo wote. Ukikikata pembetatu ya ukubwa wa kiganja unabaki na bawa lisilo na ndege. Nilikuwa nimechagua mtindo wa nyota, ule wa Wamarekani unaoenea sana kwenye simu, ncha nane na mraba katikati. Nilipounganisha viraka vya kwanza, nyota haikuonekana. Ilikuwepo, ningeweza kuifuata kwa kidole, ila jicho halikuiona. Nikaipiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Yote ilikuwa kijivu kimoja! Nyekundu, kijani, buluu, zote zilikuwa na uzito sawa, na nyota inahitaji giza na mwanga vikae kando kwa kando. Rangi peke yake haichori nyota.

Nikaacha kushona, nikaanza kuzurura na kuangalia. Niliangalia vikapu sokoni Virunga, vigae vya sakafu ya kanisa, hata magunia ya makaa yaliyopangwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kila kitu kilikuwa kizuri na hakuna kilichonipa njia. Watu wanaosema msukumo wa kubuni unakuja ukitembea hawasemi kwamba mara nyingi unarudi nyumbani na vumbi tu.

Ukuta niliupita kwanza bila kuuona. Nani Goma anaangalia ukuta? Mji mzima umejengwa kwa mawe meusi ya volkano. Ilikuwa upande wa Katindo, uzio wa nyumba mpya, na fundi mmoja mzee alikuwa ameinama akitia saruji kwenye viungio. Nilisimama kwa sababu ya mkono wake. Alikuwa na mwiko mdogo mwembamba. Anabandika saruji mpaka inatokeza mbele ya jiwe, anaikata kingo huku na huku, kisha anapitisha brashi yenye maji. Nyuma ya mkono wake ulibaki mstari wa kijivu uliosimama wazi juu ya weusi, ukipinda, ukigawanyika, ukifika mahali ukagawanyika tena. Macho yangu hayakuwa kwenye mawe hata kidogo. Yalikuwa yanafuata saruji.

"Dada, unapoteza kitu?" akaniuliza.

"Hapana, papa. Naangalia kazi. Hivi unachaguaje jiwe?"

"Mi sichague jiwe. Naangaliaka shimo. Shimo ndo inaita jiwe."

Nikamwuliza kwa nini mistari yake haiendi sawa. Akacheka, akaniita karibu. Kwa maneno yake, mstari ukishuka moja kwa moja toka juu mpaka chini, ukuta utapasukia pale. Pembe nne zikikutana fasi moja, maji yamepata mlango. Mawe makubwa yanakaa chini. Na kila baada ya hatua kadhaa unatafuta jiwe refu linaloingia ndani mpaka upande wa pili, hilo analiita la kufunga. Hachongi sana. Anagonga pembe moja kwa nyundo, analigeuza, analigeuza tena, linaketi.

"Na yametoka wapi haya?"

"Hapa chini," akaonyesha msingi. "Tulichimba, tukayakuta."

Nilikuwa mtoto tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka, ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kulila kanisa kuu la Saint-Joseph. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kama wengine. Tuliporudi, watu walikuwa wameshaanza kuvunja mawe kwa nyundo kabla hata hayajapoa vizuri chini, na kujenga juu yake. Kwa hiyo mawe yale nayafahamu, wala sikuyaonea huruma wala fahari. Nilichotaka ni mistari.

Usiku ule niliona namna. Nilikuwa nimevipa vitenge kazi ya jiwe, na vitenge haviwezi kazi hiyo kwa sababu vinaongea sana. Vipewe kazi ya saruji. Kitenge ukikikata ufito wa vidole viwili, ukakishona kikabaki kidole kimoja, mbayuwayu anapotea na feni linapotea. Inabaki cheche ya njano, halafu nyekundu, halafu njano tena. Na jiwe liwe kitu kizito, cheusi, kimya. Suruali za jinzi.

Hapo nilikumbuka picha nilizowahi kuziona za akina mama wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto huko Alabama, Marekani, wazao wa watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba. Wao walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa ajili ya baridi. Mmoja wao, Missouri Pettway, alilishona lake mwaka 1942 kutokana na nguo za kazi za marehemu mume wake, apate kujifunika. Mwaka 2002, mwaka uleule wa lava yetu, mablanketi ya kijiji hicho yalitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha yakapelekwa New York, na watu wakapanga foleni kuyaona. Kilichonikaa mimi ni mifuko. Walipobandua mfuko kwenye suruali iliyopauka, pale chini palibaki mraba mweusi ambao jua halikuufikia, nao hawakuuficha. Walishona nao hivyohivyo.

Nikaenda kwa muuza mitumba, nikachukua suruali ambazo hazina mnunuzi: zilizotoboka magoti, zilizoharibika zipu, nyeusi na buluu ya giza. Nikabandua mifuko. Miraba yake nikaiacha.

Kushona kulikuwa na utaratibu. Nilikata shuka kuukuu vipande vya kama sentimita 40 kila upande, viwe msingi. Katikati naweka jiwe la kwanza, pembe tano, hakuna pembe inayolingana na nyingine. Nashona ufito wa kitenge ubavuni, naufunua, napiga pasi. Halafu jiwe la pili, nalikata lifuate mwisho wa ufito, ufito mwingine, pasi. Umeme ulikuwa unakuja unavyotaka, basi pasi ilikuwa ya makaa, na nilikuwa napuliza majivu nje ya dirisha kila mara. Sindano namba 16, chini ya hapo jinzi inakuvunjia zote. Pembe nne zilipotaka kukutana nilizihamisha. Sikuwa nataka maji yaingie kwenye blanketi, bila shaka, lakini papa alikuwa na haki hata upande wangu: palipo na pembe nne jicho linasimama, halitembei tena.

Shida ilibaki kwenye maungio ya vipande vya msingi. Ukiunganisha miraba, unapata mistari mirefu iliyonyooka juu mpaka chini, yaani ule ufa wenyewe. Nikaazima jiwe la kufunga. Nilikata mawe marefu ya jinzi, nikayabandika kwa mkono juu ya kila ungio, nusu huku nusu huko, nikayazungushia ufito. Miraba ikapotea. Ndani niliweka blanketi jembamba la zamani badala ya pamba, nyuma kitenge kizima cha kijani, na kwa kuwa cherehani ilikataa unene ule, matabaka yote matatu niliyafunga kwa mafundo ya uzi mzito.

Shangazi alifika na boti, akaoga, akala, ndipo akaomba alione.

"Mama yangu! Umemshonea mtoto ukuta?"

"Ni vitenge vyako, shangazi."

"Viko wapi?"

Nilimwekea kidole kwenye ufito mmoja. Akavaa miwani. Akainama, akaanza kufuata, na sikuamini alivyovitambua, kipande cha upana wa kidole, bila ndege wala ua: hiki cha ubatizo wa mtoto wa kaka, hiki alishonewa mama wa Kadutu akakataa kulipa, hiki cha sikukuu ya akina mama mwaka ule mvua ilipotunyeshea. Alichelewa sana kwenye ufito mmoja wa zambarau, hakusema ni wa nani, na mimi sikuuliza. Kisha akanyanyuka.

"Na hizi jinzi za nani?"

"Za mitumba."

"Mama mkwe asijue. Siku ya kukabidhi tutaweka kijani juu."

Ndivyo ilivyokuwa. Lilikunjwa na mgongo wake wa kijani nje, likapokewa, wakashangilia. Lakini mama mkwe ni mtu wa nguo, anauza vitenge, na mkono wake ulienda moja kwa moja kwenye pindo kupima unene. Akaligeuza. Akaliangalia kwa muda mrefu huku shangazi akikohoa pembeni. Mwisho akauliza nani ameshona, na kama ningeweza kumshonea lake, ila mawe yawe ya kahawia, nyeusi ni ya msiba.

Nilifungua mdomo. Shangazi akanitangulia, akataja bei, kwa dola, bei ambayo mimi nisingethubutu hata kuiwaza. Mama mkwe akasema atalipa nusu kwanza.