Siku Nne za Martha

Mama alipofariki wakati wa korona, Wizara ya Afya ilikuwa imesema waombolezaji mazishini wasizidi 15. Kaka yangu alikaa mezani na kalamu, akaandika majina, akafuta, akaandika tena. Sisi watoto wa mama tuko watano. Ukiongeza wake na waume zetu, wajukuu wakubwa na dada zake wawili wanaoishi Nairobi, nafasi zimekwisha, na bado hujagusa kwaya, majirani, wala Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu la Kianglikana ambao mama aliutumikia tangu mimi niko shule ya msingi. Tulibishana hata iwapo kasisi naye ahesabiwe.

Ilikuwa Mei 2020. Kutoka nje ya Nairobi kulihitaji kibali, na hata tungekipata, gari lingebeba watu wachache tu mpaka Wundanyi. Kwetu Taita mtu huzikwa kwao. Mama alikuwa amekwisha kunionyesha mahali pake, chini ya migomba, kando ya mama yake. Tukamzika Lang'ata, katika makaburi ya umma ambayo miaka nenda miaka rudi husemwa yamejaa. Ndugu wa nyumbani walitazama kwenye simu ya mpwa wangu mpaka bando likaisha, wakati jeneza linateremshwa.

Hapakuwa na matanga. Aliyekulia kwetu anajua maana yake: hakuna magodoro sakafuni, hakuna sufuria kubwa ya chai, hakuna shangazi wa kukukemea ule. Kila kitu kilipita kwenye simu. Mchango ulikuja kwa M-Pesa, pole zikaja kwa WhatsApp, na katika kila pole tatu mbili zilisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Nimelisikia neno hilo kwenye misiba tangu utotoni na sijawahi kulipinga. Safari hii lilinikwama kooni. Nililiona kama mlango unaofungwa ili mfiwa asiingie na maswali yake. Bado naliona hivyo, na kama una rafiki aliyefiwa wiki hii, nakusihi umwandikie neno jingine.

Nikaacha kuomba. Sikuapa kuacha. Nilikuwa nikifungua kinywa, nikakifunga.

Jumatano baada ya mazishi, kama saa kumi na nusu jioni, mlinzi alinipigia simu kutoka getini. "Dada, kuna akina mama hapa, na mimi siwezi kuwafungulia. Landilodi amekataza wageni." Nikashuka ngazi. Nje ya geti, kando ya barabara ya vumbi ya mtaa wetu wa Umoja, walisimama wanawake sita kwa sare zao za chama, wamevaa barakoa, wameachana ile mita moja unusu tuliyoimbiwa kila siku kwenye taarifa ya habari. Walikuwa wametembea kwa miguu, kwa sababu matatu zilibeba abiria wachache na nauli ilikuwa imepanda. Mbele yao alikuwa yule mama mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Shosho, yaani bibi, ameshika Biblia iliyofungwa kwa mpira ili kurasa zisitoke.

"Shikamoo, Shosho."

"Marahaba, mama. Hatukukuzikia mama yako. Tumekuja kulia nawe hapa hapa."

Wakaimba ubeti mmoja, kwa sauti ya chini, maana kila mtu aliogopa polisi. Kisha Shosho akafungua Yohana 11 akaanza kusoma habari za Lazaro. Moyo wangu ukashuka. Nilijua tunakoelekea, nimeyasikia mahubiri hayo mara nyingi: wahubiri wetu huruka mbio mpaka kwenye "Lazaro, njoo huku nje", watu wapige makofi. Mimi mama yangu alikuwa Lang'ata na hakuna aliyekuwa akimwita atoke.

Lakini Shosho alisoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Akasoma Yesu anavyopata habari ya ugonjwa na bado anakaa pale alipo siku mbili zaidi. Akasoma kwamba alipofika, Lazaro alikuwa kaburini siku nne. Akafika mstari wa 21, Martha, dada yake Lazaro, akiwa amemtokea Yesu njiani: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Akaweka kidole hapo, akaruka mpaka mstari wa 32, akasoma Mariamu naye akiyasema maneno yale yale.

"Umeona?" akaniuliza. "Dada wawili, kila mmoja kwa wakati wake, sentensi moja. Unafikiri waliitoa wapi? Walikuwa nayo ndani ya nyumba siku nne, wanaambiana usiku. Na Bwana hakumwambia hata mmoja wao kwamba kazi ya Mungu haina makosa." Akanitazama juu ya barakoa. "Haya, mama. Wewe sentensi yako ni gani? Mwambie."

Nilishika vyuma vya geti. Mlinzi alijifanya anasoma daftari lake la wageni.

Nikamwambia Bwana. Nilimwambia kama angalikuwapo, kiharusi kisingempiga mama saa tano ya usiku, wakati kafyu imeanza tangu saa moja. Kama angalikuwapo, madereva watatu wa teksi wasingekata simu. Jirani asingelazimika kumlaza kwenye kiti cha nyuma cha Probox, wala wale askari wa kizuizi cha barabara ya Outering wasingetumulika tochi usoni na kuuliza barua wakati anakoroma. Nilimwambia kuhusu hospitali ya kwanza, iliyosema haina kitanda. Nilimwambia habari ya migomba. Yalitoka mengi, mengine sikujua nimeyabeba, na mwisho nililia kwa sauti ambayo majirani walitoka nayo kwenye roshani.

Hakuna aliyeninyamazisha. Wale wanawake walilia nao, kila mmoja mahali pake, bila kunishika kwa sababu haikuruhusiwa. Nilipotulia, Shosho alisoma mistari michache zaidi, akakoma kwenye 35: "Yesu akalia machozi." Akafunga kitabu.

"Leo hapa panatosha," akasema. "Kaburini tutafika siku nyingine."

Wakanipa chupa ya chai na mandazi kupitia kwenye vyuma, wakaondoka haraka kuwahi kafyu. Usiku ule niliomba. Yalikuwa maneno machache, na mengi yalikuwa malalamiko, ila nilijua ninazungumza na mtu aliyeko. Amani iliyonijia ndiyo hiyo, na sijui kuieleza zaidi: nilikuwa bado sijajibiwa hata swali moja, nikalala mpaka asubuhi.

Makanisa yalifunguliwa Julai kwa masharti: watu 100, ibada isiyozidi muda wa saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kwa hiyo mimi niliingia na Shosho akafungiwa nje ya kanisa alilolifagia miaka yote. Nilipimwa joto mlangoni, nikakaa peke yangu kwenye benchi la watu sita. Baada ya ibada nikampigia simu nikiwa ndani ya matatu.

"Wamesoma nini?" akauliza kabla hata ya salamu. Nikamwambia. "Sawa. Sasa toa Yohana, tumalize ile yetu. Mimi miwani imevunjika."

"Shosho, niko kwenye matatu."

"Kwani wao hawafiwi?"

Nikasoma kwa sauti, kupitia barakoa, konda akinitazama. Nilipofika pale Yesu anaposema waliondoe jiwe, na Martha anaingilia kati kwamba Lazaro ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne, Shosho aliangua kicheko mpaka simu ikakwaruza.

"Huyo Martha bado analalamika tu," akasema. "Endelea, mama, endelea."