Hongwe, Mtumbuu na Kikande: Nilivyowaingiza Jikoni Kwangu

Sisi tunaovua kwa mshipi jioni kwenye kuta na miamba ya Mombasa tuna ada moja. Akinaswa changu, tewa au kolekole, wote mlioko hapo mtageuka kumtazama na mwenyewe atapewa hongera. Akinaswa hongwe, yule kambare wa baharini, utasikia "Mtupe huyo!" hata hajatoka majini sawasawa. Na kumtupa kwenyewe si kumrudisha baharini. Wengi hukata mshipi wakamwacha juu ya jiwe afe kwa jua, kunguru wammalize. Halafu mtu huyo huyo akirudi nyumbani anapitia kwa muuza samaki kununua kipande cha nguru.

Jambo hili liliniudhi kwa muda mrefu. Mimi si mvuvi wa kazi, navua kwa mapenzi mwisho wa wiki, upande wa Mkomani na pembezoni mwa Mji wa Kale. Chambo changu ni kamba au kipande cha ngisi. Anayevua kando ya nchi namna hii, hasa ndani ya hori la Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, sehemu kubwa ya anachopata ni hao wasiotakwa: hongwe, mtumbuu, mkizi, chaa wadogo, na ukisogea kwenye matumbawe, kikande. Nikajiwekea sharti kwamba samaki nitakayemwua nitamla, na nisiyemla atarudi majini akiwa mzima. Sharti hilo likanilazimisha kujua kupika.

Aliyenifundisha ni mama karanga mmoja wa Kisauni, mmoja wa wale kina mama wanaonunua samaki wa bei ya chini wakawakaanga na kuwauza kando ya njia jioni. Nilimwendea kwa sababu wao ndio wanaoshika samaki hawa kila siku. Samaki wa bei huchukuliwa na matajiri wa samaki na hoteli kabla hawajawafikia kina mama hao. Nilimwamkia nikamweleza shida yangu. Swali lake la kwanza halikuhusu mapishi hata kidogo. "Mwanangu, ukishamtoa, unamweka wapi?"

Nikamwambia ndani ya ndoo. Ndoo ina nini? Haina kitu. Akatikisa kichwa. "Basi akifika kwako ashakuwa mwingine."

Tangu hapo nimebadilisha kazi ya pale ukutani. Usiku wa kuamkia safari nagandisha maji kwenye chupa za plastiki, asubuhi nazitia ndani ya ndoo yenye mfuniko, na nikifika naongeza maji ya bahari kiasi. Samaki akitoka, nampiga kichwani mara moja, namkata chini ya matamvua, namwacha atoke damu kwenye ndoo nyingine, kisha naye anaingia kwenye baridi. Harufu inayowafanya watu waseme hongwe ananuka, kwa sehemu kubwa ni damu na matumbo yaliyokaa kwenye joto la Mombasa saa nzima. Changu naye ukimfanyia hivyo ananuka, ila jina lake linamwokoa. Na kwa samaki wa jamii ya jodari, vibua na una, baridi si suala la ladha tu. Wakikaa juani nyama yao hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mtu anakula, uso unamwiva wekundu, kichwa kinamgonga, na anadhani samaki wote wanamdhuru.

Nianze na hongwe, maana ndiye anayeonewa zaidi. Wengine humwita fumi. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya ubavuni, nayo ina vijino na sumu. Usimshike kwa mkono mtupu ukiwa unamtoa ndoana. Mimi namkandamiza kwa kitambaa kinene chenye maji, kisha navunja miiba yote mitatu kwa koleo kabla ya kitu kingine chochote. Akikuchoma, tia mahali hapo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, na uendelee kwa nusu saa au zaidi. Sumu yake huharibiwa na joto na maumivu hupungua. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, au mkono ukivimba, nenda hospitali, usingoje kesho.

Kuna jambo jingine juu yake ambalo nataka kila mvuvi wa mshipi alijue. Hongwe dume hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Nilimtoa mmoja mdomo umejaa mayai makubwa ya rangi ya manjano, yanang'aa, na alikuwa ameyashikilia pamoja na ndoana. Huyo unamrudisha taratibu. Nimeanza kufungua mdomo wa kila hongwe kabla sijaamua lolote.

Nyumbani, kazi ni ule ute. Hana magamba, ana ute mwingi unaoteleza, na ndio unaobeba harufu ya tope. Mama karanga alinionyesha: mwagia maji ya moto, si yanayochemka kabisa, ute unageuka mweupe na kuganda. Hapo chukua jivu la makaa ukamsugue, kichwa mpaka mkia, suuza, kisha ndimu na chumvi ya mawe, suuza tena. Akiwa mkubwa mimi nachuna na ngozi yote. Ukimpasua, ondoa mafuta ya tumboni na ule mstari wa nyama nyekundu iliyokoza unaopita ubavuni. Kinachobaki ni nyama nyeupe, laini, isiyo na miiba midogo midogo. Watoto wangu wanamla bila mimi kukaa na hofu ya koo zao.

Kwa ulaini huo hafai kuchemshwa kwenye mchuzi kwa muda mrefu, atavunjika. Namfanya wa kupaka. Namchanja, namtia kitunguu thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, namwacha kidogo, namkaanga juu juu ashikane. Pembeni tui zito la nazi limo jikoni pamoja na bizari ya manjano, kitunguu thomu, ukwaju na chumvi, nalikoroga bila kuliacha mpaka liwe zito la kushika mwiko. Halafu hongwe anakwenda juu ya wavu, makaa yasiwe makali, nampaka tui, namgeuza, nampaka tena. Tui linalodondoka kwenye makaa linatoa moshi, na moshi ule ndio unaokamilisha kazi. Kwa wali mweupe au mkate wa mofa, sijui nimwombe nani samaki mwingine.

Suala la dini nalo huulizwa, kwa hivyo nilitaje. Kwetu Waislamu wa pwani, ambao wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, samaki wa baharini ni halali awe na magamba au asiwe nayo. Jirani yangu Msabato halili hongwe wala papa wala taa, kwa kuwa mafundisho yake yanataka samaki mwenye mapezi na magamba. Siku ninayomwalika namtafutia chaa au mkizi, na hakuna ubishi.

Mtumbuu ni habari nyingine. Huyu ni yule mwembamba mrefu mwenye mdomo uliochongoka na meno makali, anayekimbia juu ya maji. Kipindi cha kaskazi, maji yakiwa safi, wanakuja wengi karibu na nchi, na usiku huvutwa na taa. Jihadhari, huruka kuelekea kwenye mwanga na ule mdomo umeshawajeruhi wavuvi. Watu humkataa kwa sababu mbili. Kwanza mifupa yake ni ya kijani. Ukimpasua mara ya kwanza unaweza kudhani ameoza au amekula sumu. Hana neno lolote: ni rangi inayotokana na nyongo, na haidhuru mtu. Pili ana miiba mingi.

Hapo ndipo karai la mama karanga lilipojibu. Alimkata vipande vya urefu wa kidole, akashika kisu chembamba na kumchanja kila kipande pande zote mbili, mistari imekaribiana kabisa, ukisikia kisu kinakwaruza miiba: krr, krr. Chumvi, pilipili, ndimu, unga kidogo wa ngano. Mafuta aliyaacha yapate moto hasa kabla ya kutia kitu, na hakujaza karai. Vipande vikazama, mapovu yakawa makubwa, yakapungua, naye hakugusa mpaka sauti ya mafuta ilipokuwa ndogo. "Sikiza," akaniambia, "akinyamaza ameiva." Miiba midogo ilikuwa imekauka ikawa inatafunika. Tulikula tumesimama, na pilipili ya kuponda na ukwaju, vipande vikiwa bado vinachoma vidole.

Kikande ndiye anayenipendeza kumwandaa. Wavuvi hukata tamaa kwake kwa vile kisu hakiingii: ngozi yake ni gome tupu. Kwenye mgongo ana mwiba wa mbele anaousimamisha na kuufunga, ukiusukuma hausogei, lakini ukibonyeza ule mdogo ulioko nyuma yake, wa mbele unalala wenyewe. Kumchuna, anza kwenye tundu la nyuma, pitisha ncha ya kisu chini ya ngozi huku makali yakiangalia juu, zunguka kichwa na kandokando ya mapezi. Ukikata kutoka nje utaharibu kisu. Kisha shika ngozi kwa kitambaa chenye chumvi uvute kuelekea mkiani. Inatoka kipande kizima. Nyama ya ndani ni nyeupe na imeshikana, haivunjiki hata ukiikoroga, na kwa hivyo namwekea mchuzi wa nazi: vitunguu, nyanya, bizari, tui jepesi kwanza, samaki, kisha tui zito mwishoni, moto ukiwa mdogo. Sichukui kikande mkubwa sana wa kwenye miamba, kwa kuwa samaki wakubwa wa matumbawe wanaweza kukusanya sumu ambayo moto hauiondoi. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, namwacha kwa sababu hiyo hiyo.

Na hapa niseme kwa nguvu zangu zote: usije ukamchanganya kikande na bunju. Bunju ndiye anayejijaza akawa duara, mdomo wake una meno manne yaliyoungana, mawili juu, mawili chini. Sumu yake iko kwenye ini, mayai, ngozi, hata nyama, na haivunjwi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Inalemaza misuli mpaka ya kupumulia. Hakuna ufundi wa nyumbani wa kumsafisha. Sharti langu la kula ninachokiua halimhusu. Yeye anarudi baharini, na mtoto akimwokota ufukweni anyang'anywe.

Mkizi sina mengi ya kumsema, watu wengi wanamla ila wanalalamika ladha ya tope. Anakula kwenye matope, na ndani ya tumbo ana utando mweusi. Ukwangue wote kwa kijiko mpaka nyama ionekane nyeupe, na lalamiko litapungua sana. Mbichi wa siku hiyo, wa kukaanga, basi.

Lakini mahali unapomtoa samaki hakuna jivu wala ndimu itakayopasahihisha. Hori la Makupa, pale Kibarani palipokuwa jaa la taka la mji kwa miaka mingi, sivui chakula. Wala karibu na mdomo wa mfereji wa maji machafu, hata kama samaki wanauma mfululizo. Hongwe na mkizi hula chini kabisa, kwa hivyo kilichoko chini ndicho kinachoingia ndani yao. Navua upande unaopata maji ya bahari kuu, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapojaa huwa ndiyo saa yangu.

Wale wadogo mno, na vile vipande vya mkiani na shingoni visivyokuwa na sura, nilikuwa nawapa paka. Siku hizi navikusanya kwenye friza mpaka vitoshe katlesi. Navichemsha kwa chumvi na ndimu, navichambua kwa vidole (hapa usifanye haraka, mwiba wa mtumbuu unajificha), naviponda na viazi vilivyochemshwa, dania nyingi, pilipili mbichi, kitunguu kilichokatwa vidogo na bizari nzima iliyotwangwa. Nafinyanga, nachovya kwenye yai, nakaanga. Shangazi yangu, ambaye hataki hata kusikia jina la hongwe, mwezi wa Ramadhani uliopita alizila wakati wa kufuturu na akauliza samaki gani. Nilimjibu ukweli. Akanyamaza, akachukua nyingine, akasema niongeze pilipili.