Mkono ulikuwa unapanda wenyewe, na neno la mwisho halikati

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka 2021 nlikuwa nakata kitambaa cha dera mkasi ukanidondoka, kuuokota vidole sivisikii, upande wote wa kulia ganzi tupu. Presha ilikutwa 210 kwa 120, na vidonge nlikuwa nimeviacha miezi mitatu kisa najiona mzima. Siti skani ya kichwa ikaonyesha ni kiharusi, damu imevujia ndani kabisa ya ubongo upande wa kushoto, sehemu wanaiita thalamasi, wakasema huko hawapasui, presha ishushwe na damu itanyonywa na mwili taratibu.

Kutembea nilirudia baada ya wiki sita hivi. Shida ikawa vitu ambavyo sijawahi kumuona mtu navyo. Sauti ilikuwa ndogo kama nanong'ona, halafu neno la mwisho linajirudia, nataka kusema nipe maji inakuwa maji maji majimajimaji, linaenda mbio huku linafifia, na mie najisikia kabisa ila kusimamisha siwezi. Na mkono, yani nimekaa na wageni naongea, mkono wa kulia unapanda pole pole wenyewe mpaka mtu anishtue, mie najua uko mapajani. Shangazi akasema ni jini, kwa jinsi ilivyokuwa inaonekana simlaumu, akaleta mtu wa kunisomea, kisomo nikakipokea ila vidonge safari hii sikuacha.

Aliyenielewesha ni dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo. Aliniambia nifumbe macho akakikunja kidole gumba changu, akauliza kimeelekea juu au chini, sikujua. Akasema nguvu unayo, ila habari ya mkono uko wapi haifiki, njia yake inapita palepale palipovuja, sasa macho yako ndo yafanye hiyo kazi. Nikavaa bangili za shanga nyekundu ili jicho liuone hata kwa pembeni, na pasi ya mkaa naijaribu joto kwa mkono wa kushoto maana wa kulia uliungua nisijue mpaka nikasikia harufu.

Maneno niligundua mwenyewe. Nlikuwa jikoni nikasikia watoto wa madrasa wanasoma kaswida nikaitikia, ubeti mzima umetoka na hakuna neno lililojirudia! Nililia siku ile. Nikaanza kuomba maji kwa lahani hivyohivyo, baadae nikaacha kuimba nikawa nagonga kidole cha kushoto mezani, neno moja pigo moja, pigo likiisha nanyamaza. Ilichukua kama miezi minne na nikichoka bado linarudi, na naomba sana watu wasinimalizie sentensi, ukinimalizia ndo linakwama zaidi.

Mwezi wa tano tangu kiharusi mkono ukaanza kutetemeka, mtetemo mkubwa wa taratibu, nikajua kiharusi kingine, kumbe daktari anasema unaweza kuchelewa hivyo baada ya kuvuja huko ndani. Alinipa dawa wanayotumia wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, umepungua haujaisha.

Sindano ananitungia binti yangu, mshono wa kunyooka nashona mwenyewe, dera mbili kwa wiki. Shangazi siku hizi akiona mkono unapanda anaushika anaurudisha kwenye mkeka, anaendelea kuchambua mchele.