Sahani za Wageni

Send-off, sherehe ya kumuaga bi harusi kwao, ilikuwa Tabata, Jumamosi ya mwaka 2017, na mshereheshaji alinipa dakika saba za kuchekesha kabla tu ya chakula. Pabaya kuliko pote kwenye ratiba. Keki imeshaliwa, pilau imefunuliwa, harufu inazunguka ukumbi, na wewe uliyeshika maiki ndiye uliyeziba njia ya kwenda mezani. Ningeomba nafasi kati ya keki na zawadi. Sikujua.

Kamati walinionya mara moja tu: meza ya mbele yupo bibi wa bi harusi na yupo padri. Halikunisumbua. Nilibeba vichekesho vinne vya nyumbani: michango ya harusi, konda wa daladala, sahani za wageni na kopo la Blue Band lenye sindano na nyuzi. Kila kimoja dakika moja na nusu. Dakika inayobaki ni ya watu kucheka; wasipocheka, ni ya kuondokea.

Fundi wa spika alinikumbusha nishike shina la maiki, nisifunike wavu, maana ukiufunika spika zinapiga mluzi. Zilikuwa mbili, zote mbele, chini ya paa la bati, kwa hiyo meza za nyuma zilisikia kila neno mara mbili. Nikapunguza kasi. Wengi mle ndani walikulia vichekesho vya King Majuto, mtu akigombana na mwenzake. Mimi peke yangu walinidhani msaidizi wa mshereheshaji.

Michango ilikwenda vizuri. Kamati walicheka, wadaiwa wakatazama vitambaa vya meza.

Nikaingia kwenye sahani: "Mama ana sahani za maua, zinakaa kabatini, za wageni. Miaka 24 mimi nakula kwenye ya bati. Juzi nimetoka kazini, nakuta nimepakuliwa kwenye ya maua. Nikaenda kufungasha nguo."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Meza ya akina mama ilishaanza kucheka, nami nikaongeza: "kwa sababu nilijua sasa mimi ni mgeni." Wakajizuia wasikie ninachosema, wakakuta ni maelezo ya walichokwisha kukielewa. Kicheko kikikatwa hivyo hakiwaki tena; aliyecheka anajiona amewahi. Konda naye akapita baridi, na watu wawili wakainuka kuangalia foleni ya chakula.

Dakika ya sita mhudumu akapita mbele yangu na chakula cha meza kuu. Sisi wengine tulitengewa sahani nyeupe za ukumbi. Ya bi harusi ilikuwa na maua ukingoni.

Nikaitazama sahani. Nikamtazama bi harusi, kisha mama yake. Nikahesabu moyoni hadi tatu.

"Mama, umempakulia ya maua?"

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Akina mama wakapiga meza, padri akavua miwani, na bi harusi akacheka huku analia hadi mpambaji akakimbia na tishu. Kopo la Blue Band likabaki mfukoni. Nilirudisha maiki kwenye stendi, mshereheshaji akininong'oneza kwamba bado nina dakika.

Baadaye fundi wa spika, akikunja nyaya zake, aliniambia, "Kaka, ile ya kwanza ungeishia kwenye nguo."

Nikatoa karatasi, nikaazima kalamu yake, nikayakata maneno saba.